O Yenye Wimbi

Kidude kilifika kutoka Riga ndani ya soksi ya sufu,
kimeng'olewa kwenye gari lililopinduka barafuni.
"Kichwa kizima," alisema muuzaji, "mwili ndio ulioumia,"
nami nikalipa yuro tisini bila kushusha bei,
maana nilikuwa nimechoshwa na kile cha zamani,
kitufe cha kuzungusha kilicholegea kama jino la mtoto:
ukitaka redio kinakupa ramani,
ukitaka ramani kinakupa kimya.

Gereji yetu, Võru, Februari,
nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.
Plastiki yenye baridi haina msamaha.
Nilipochomeka kabari pembeni mwa gia
klipu moja ilikatika, tak,
na baba, kwenye kiti cha abiria, ndani ya koti lake,
akageuza jicho. Jicho tu.
Miaka thelathini na mmoja alitengeneza matrekta ya ushirika;
angekuwa na ulimi angenitukana vizuri.

Tangu Oktoba upande wake wa kulia umelala
na ulimi umelala nao.
Daktari Pihlak anasema maneno yamo, yote,
mlango ndio ulioganda.
Tulimpa kalamu. Mkono wa kushoto haukuijua, akaitupa.
Tulimpa kibao cha picha: kikombe, choo, kitanda.
Alikilaza kifudifudi.

Skrubu nne. Waya mmoja bapa kama utepe.
Kidude kipya kina uso laini, mweusi,
mahali pa kuandika kwa kidole, herufi moja moja,
na gari huisoma kila herufi kwa sauti.
Lakini gari halimpokei mgeni kwa kuwa wewe umemkaribisha.
Sharti umtambulishe, kwa kompyuta, kwa msimbo mrefu
nilioukopi nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Mara ya kwanza skrini ikafa.
Mara ya pili ikazungumza Kilatvia.
Mara ya tatu nilisali, mimi nisiyesali,
ikawaka.

Nikaandika V. "Ve," likasema gari.
Kisha Õ, ile O yetu yenye wimbi kichwani.
"O," likasema gari.
Tena. "O."
Tena, taratibu, kama mwalimu. "Nane."
Voru! Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la jirani yake.
Kaka yangu Tarvo akacheka kwenye simu:
"Umenunua mtoto wa chekechea."
Usiku kucha likapakua programu mpya,
asilimia thelathini na tisa,
thelathini na tisa,
thelathini na tisa.

Asubuhi baba alitazama mlango mpaka nikamtoa nje.
Nikamfunga mkanda.
Sikuwa nimepanga, naapa:
kwetu dereva hukaa kushoto, abiria kulia,
kidude kiko katikati,
kwa hiyo mkono wa abiria unaokifikia
ni wa kushoto.
Uliondoka pajani polepole, kama paka anayechunguza kiti.
Kidole kimoja, kile kilichopoteza ukucha kwenye pampu ya dizeli.
"Ve."
Nikazima hita ili nisikie.
"Õ," likasema gari, wimbi na yote.
Akaiandika tena.
"Õ. Õ. Õ."
Mdomo ulienda upande; sikujua mara moja kwamba ni kicheko.

Kisha akafuta, akaanza upya,
herufi tano, bila haraka ya mtu yeyote:
K. L. I. P. U.
Gari likatafuta mji wa Klipu Estonia nzima,
likavuka mpaka, likarudi, likaomba radhi.
Mimi niliupata: vipande viwili, chini ya kiti.

Kilomita nne hadi duka la vipuri.
Njia nzima kidole hakikutulia,
na lile gari, kwa sauti ya karani mpole,
likanisomea, herufi kwa herufi,
matusi yote niliyodaiwa tangu Oktoba.